Makumbusho ya Reli hapa tao: treni hazitembei na bado nawapa nyota tano

Nianze na jibu kwa wale wa haraka wanaouliza kama hapa panafaa watoto: ndio, peleka mtoto. Ile Makumbusho ya Reli iko nyuma ya stesheni kuu ya Nairobi, wengi wanaijua tu kama Railway Museum, ni moja ya sehemu chache hapa mjini mtoto anaeza zunguka asubuhi nzima bila mtu kumuuzia kitu kila hatua mbili. Hakuna spika inapiga kelele, hakuna tokeni, hakuna "ongeza mia aendelee dakika kumi". Ni injini kubwa kubwa za chuma zimesimama kwa nyasi na wewe unapita katikati yake umeinua shingo. Lakini mimi nataka kuongea zaidi juu ya mzee mmoja anayetembeza wageni humo ndani na kitu msichana wangu alifanya mbele yake, kwa hivyo kama umekuja kutafuta njia ya kufika tu, ruka uende huko chini.

Najua mzazi akianza kusifu mtoto wake watu huanza kutafuta simu zao. Vumilieni.

Huyu msichana wangu ako PP2, miaka mitano na kidogo, na anapenda treni kama mgonjwa. Tunaishi Donholm, ile treni ya abiria ya kwenda Embakasi inapita huko kwetu, na asubuhi honi ikilia huyu anawacha uji anakimbia dirishani hata kama treni yenyewe haionekani, anajua tu iko. Sasa mtoto wa dada yangu, ako gredi ya tano na anajua kila kitu duniani, akamwambia kule makumbusho kuna treni nyeusi kubwa kuliko nyumba yetu, na ukifika wanaiwasha inakupeleka Mombasa na kurudi kabla jioni. Mtoto akaamini. Akakata tiketi kwa katoni ya majani chai, tatu, moja yake, moja yangu na moja ya spea, akazipaka rangi ya kijani akaandika namba vile anajua kuandika, ile saba yake imeangalia nyuma. Hayo maneno ya Mombasa mimi nilikuja kuyasikia tukiwa tayari ndani ya mathree, yaani matatu, tumekwama Jogoo Road, na muziki wa humo ndani unajua hauwezi fafanulia mtu kitu chochote.

Wasiwasi wangu ulikuwa na sababu. Kuna mahali pa michezo ya watoto kwa moli moja upande wa Thika Road, sitaitaja, wako na katreni kadogo ka stima kanazunguka. Tulienda likizo ya Agosti, tukalipa, stima ikapotea. Hiyo si kosa la mtu, stima hupotea. Lakini badala ya kutuambia stima imepotea na hatujui itarudi lini, yule dada wa kaunta akasema "dakika tano tu". Dakika tano zikaisha akasema jenereta inawashwa. Baadaye ikawa fundi ako njiani. Watoto wamepangwa laini, wangu mbele kabisa ameshika kamba, na kila wakiambiwa saa hii saa hii wanaruka wanashangilia, halafu wanangoja tena, halafu wanashangilia tena, mpaka mwishowe jamaa fulani akakuja akafunga kamba bila kusema neno. Kilio cha hapo nadhani kilifika Roysambu. Alilala kwa tailsi, kiatu kimoja kikaenda huko chini ya meza za watu, na mimi nikaangaliwa yale macho ya "huyu hajafunzwa nyumbani". Pesa walirudisha nusu, ati nusu ingine ni ya kungoja, sijui hiyo hesabu walifundishwa wapi.

Kwa hivyo tukishuka Railways nilikuwa nimeshajiandaa kwa vita.

Sasa hapa makumbusho tukapata huyu mzee. Mtu wa makamo, kofia, miwani, sauti ya chini, na alisalimia mtoto kabla ya kunisalimia mimi, hiyo peke yake ningeipa nyota. Msichana akamfikia moja kwa moja akampa tiketi zote tatu. Mzee akazipokea kwa mikono miwili, akazisoma kabisa, akageuza upande wa pili kuona kama kuna kitu, akauliza, "Tunaenda wapi?"

"Mombasa. Lakini tutarudi jioni, kesho ni shule."

Mzee akainama mpaka wakatoshana. "Mama, hii treni haitembei."

"Leo?"

"Leo, kesho, hata keshokutwa. Ilifanya kazi miaka mingi, ikastaafu. Moto wake ulizimwa."

"Hata kidogo? Hata mpaka pale tu kwa mti?"

"Hata mpaka pale kwa mti."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwa begi natafuta biskuti za dharura. Mdomo wa chini ulitoka, ule naujua, huo ukitoka kinachobaki ni sekunde. Lakini hakulia. Aligeuka akatafuta mahali pa kukaa, akaona ngazi ya chini ya behewa lililokuwa hapo kando, akaenda akakaa. Nikamfuata, akaniinulia mkono kama askari wa trafiki.

"Baba ngoja. Nasikia vibaya. Wacha nimalize."

Wacha nimalize! Mimi na mzee tukasimama hapo hatuna la kufanya. Akafungua velkro ya kiatu akafunga, akafungua akafunga, ile sauti yake ya kukwaruza ndiyo ilikuwa inasikika tu. Akavuta soksi moja juu mpaka ikafika kwa goti. Machozi yalikuwa yamejaa na alikuwa ameangalia juu ndio yasimwagike, moja likatoroka akalipanguza na kamba ya begi. Na mimi namwangalia zaidi mzee, kwa sababu hapa ndio watu wetu huharibu. Hakumwambia wasichana wakubwa hawalii. Hakusema usijali wiki ijayo itatengenezwa. Hakumwahidi soda. Alitoa kitambaa akapangusa miwani, akairudisha, akangoja.

Baadaye msichana akasimama, akarudisha soksi chini ikatoshana na ingine, akasema, "Nimemaliza. Hii inaitwa nani?"

Jamani. Huyu mtoto ameshaimba mbele ya wazazi siku ya shule kufungwa, ameshaletewa cheti cha mwandiko, na mimi nikapiga makofi na kutuma picha kwa grupu ya familia vile kila mtu hufanya. Lakini hiyo ya kwa ngazi ya behewa sikuwa hata na mahali pa kuiweka, nilisikia kifua kimejaa nikajifanya napiga picha ya injini, hizo picha ziko hapa kwa simu zote ni za nyasi na kidole changu. Mtu wa miaka mitano ameambiwa hapana, hapana kavu isiyo na sukari, akaenda kando akaisikia yote, akarudi na swali. Niko na wafanyakazi wenzangu watu wazima wenye ndevu hawawezi hiyo, mkutano ukiahirishwa wananuna mpaka Alhamisi.

Na sio ati amegeuka malaika, jana usiku alikataa chakula kwa sababu sukuma imegusana na ugali. Mama yake anasema hiyo tabia ya kutulia imetoka kwao, mimi nasema imetoka kwetu, pengine ni ya mwalimu wake wa PP2 na sisi wote tunajipendekeza. Lakini mtoto ni yule yule aliyelala kwa tailsi Thika Road, mwezi haukuwa umeisha vizuri. Kile kilikuwa tofauti ni mtu mzima aliyekuwa mbele yake. Kule alidanganywa kidogo kidogo, kila dakika tano anapandishwa halafu anaangushwa, na huku aliambiwa mara moja, akaambiwa sababu, akaachiwa nafasi yake. Sisi wazazi tuna hiyo ya "kesho tutaenda", "ukinyamaza nitakununulia", "duka limefungwa" na duka liko wazi anaona. Tunadhani tunamwonea huruma kumbe tunaongeza laini ya kungoja. Huyo mzee sijui kama ana watoto ama wajukuu, sikumuuliza, lakini anafaa kulipwa vizuri.

Basi, jibu la "inaitwa nani". Inaitwa Mount Gelai, namba 5918, na ndiyo mfalme wa hapo. Ni ya aina ya Garratt, kundi la 59, zilitengenezwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, zilikuwa 34 na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai yenyewe uko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Ina uzito wa tani 250 na zaidi, yote ikikalia reli ambayo upana wake ni mita moja tu, na ujanja wao ulikuwa hivi: lile pipa kubwa la mvuke wamelining'iniza katikati, halafu magurudumu yamegawanywa mafungu mawili, moja mbele moja nyuma, kila fungu linageuka kivyake. Kwa hivyo treni ndefu hivo inaeza kata kona bila kutoka kwa reli. Mzee alimwonyesha mtoto kwa kutumia mikono yake, kiwiko na kiganja, na mtoto akashika mara moja kuliko mimi.

Alafu akamwambia kitu kilinifurahisha sana. Hizi injini kazi yao kubwa ilikuwa ni hii njia ya Mombasa. "Kwa hivyo huyo ndugu yako hakudanganya yote, alichelewa tu." Msichana akacheka kwa mara ya kwanza, na binamu akaokolewa, kwa sababu nilikuwa na maneno yake.

Wakahesabu magurudumu. Akapotea kwa tisa, akarudi mwanzo, akapotea tena kwa sababu kulikuwa na konokono, mwishowe wakafika 14. Mzee akamuuliza na upande ule mwingine je, akataka kuzunguka kwenda kuhesabu, akasimama akafikiria na vidole, vidole vikaisha, akakopa vyangu. Walifika 28, ndio hesabu yenyewe. Kisha mzee akachukua zile tiketi za katoni akararua kona ya kila moja, pole pole, akamrudishia mbili na kuomba kama anaeza baki na ile ya spea. Akaitia kwa mfuko wa shati. Tukapanda pale anapokaa dereva, kumejaa mikono ya chuma na saa za kupima mvuke, na mtoto akaendesha kwa mdomo mpaka Voi, anasimamisha kila stesheni, mimi ndio abiria, na nikiuliza tumefika wapi naambiwa nikae chini.

Behewa lingine la kuona ni namba 12, na hapa wazazi wengine mtauliza kama inafaa watoto. Ni lile la Ryall, mkubwa wa polisi wa reli. Juni 1900 walikuwa wanamvizia simba pale stesheni ya Kima, wamelala ndani ya hili behewa yeye na wenzake wawili, na ilikuwa zamu yake kukesha. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango, akamchukua, akatoka naye dirishani. Watu wengi huchanganya hii na wale simba wa Tsavo waliosumbua wajenzi wa daraja mwaka 1898, hapana, Kima ni huku upande wa Makueni na ni miaka miwili baadaye. Kwa mtoto mzee aliipunguza makali, akasema simba aliingia usiku akaondoka na mtu mmoja. Msichana akafikiria sana, akauliza, "Simba alikuwa na tiketi?" Mzee alicheka mpaka akavua kofia. Usiku nilingoja kama atalala vibaya, hakuna, aliota treni kama kawaida yake. Lakini wewe unamjua wako, kama ni wa kuogopa giza mpitishe haraka.

Ndani ya jumba lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1971, kuna vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula ya wakati ule, taa za mafuta, simu za zamani, picha za ujenzi. Hapo ndipo unaona vile hii Nairobi ilianza, reli iling'oa nanga Mombasa 1896, ikafika huku 1899 penye kinamasi, wakaweka kambi na gereji kabla ya kupanda Bonde la Ufa, na 1901 wakafika ziwani Kisumu. Zaidi ya watu elfu thelathini waliletwa kutoka India kwa hiyo kazi na karibu 2,500 walifia huko njiani. Hizo nilisoma mimi, mtoto wa PP2 hana haja na maandishi, mzungushe ndani kidogo halafu mrudi nje kwa injini, huko ndio mwendo wake. Wakubwa wanaopenda historia waje siku nyingine bila mtoto kuvuta suruali.

Kufika: ukishuka steji ya Railways, kule mat za Rongai na Ngong hujaza, tembea tu kwa mguu upande wa nyuma wa stesheni, uliza mtu yeyote, hata wachuuzi wanajua. Beba simu iko na pesa, mambo ya serikali siku hizi ni kulipa kwa simu. Mtoto anahitaji viatu vya kufunika vidole na kofia, jua likipanda vile vyuma vinashika moto na ye atataka kugusa kila kitu. Nenda asubuhi. Ukipata siku ya shule kuna uwezekano wa kukutana na basi la wanafunzi, wangu alifurahi lakini ukitaka utulivu chagua vizuri. Maji beba yako.

Chakula tulikula tukirudi, smokie pasua pale nje kwa steji, yake bila pilipili. Honi ikalia huko stesheni, treni ya ukweli, akasimama na smokie mkononi akanigeukia: "Hiyo inatembea?" Nikamwambia hiyo inatembea. Akauliza ya Mombasa ya siku hizi iko wapi, nikamwambia iko Syokimau, Madaraka Express, tangu 2017, na kuna treni ya kukuunganisha kutoka hapa tao. "Tutaenda lini?" Na hapo kwa mdomo nilikuwa na "Disemba" iko tayari kabisa. Nikasema sijui, pesa haijapatikana, nikishakata tiketi ndio nitakuambia siku. Akaniangalia. Akasema sawa, akaongezewa kachumbari.

Nyota tano, tatu ni za mzee. Walio na watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu, ngazi za mabehewa ni ndefu na kigari cha kusukuma kitawasumbua kwa nyasi, bebeni leso mfunge mgongoni. Na kama mtoto wako pia amedanganywa na binamu kuwa zinatembea, mwambieni ukweli mkiwa nyumbani, ama mkishindwa fikeni pale mmwachie yule mzee wa miwani.